Michezo ya Zamani Iliyoboreshwa Kwenye Konsoli ya Mkononi: Dalili, Visababishi na Tiba

Mchezo wa zamani ulioboreshwa una tabaka mbili. Chini upo mchezo wenyewe, pamoja na ramani, kanuni za mwendo na hesabu za kuruka zilizowekwa na watengenezaji wake miaka mingi iliyopita. Juu yake zimewekwa picha mpya, mwanga mpya na njia mpya za kumwongoza mhusika. Anayeuchezea kwenye konsoli ya mkononi anaongeza tabaka la tatu, yaani kifaa chenyewe, ambacho kina kioo kidogo, vijiti vifupi vya kumwongozea mhusika na kichakataji kinachobanwa na uwezo wa betri. Hitilafu nyingi huonekana kufanana ilhali zinatoka katika tabaka tofauti, na tiba ya tabaka moja haisaidii lolote katika tabaka jingine. Kusawazisha kijiti upya hakutamvusha mhusika kwenye pengo ambalo mchezo wa asili ulilipima kwa namna yake, wala kufuta mchezo na kuupakua tena hakutaongeza mwanga katika pango ambalo msanii wa toleo jipya ameliacha na giza. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kugusa mpangilio wowote, ni tatizo liko katika tabaka gani.

Kwa bahati nzuri, baadhi ya matoleo haya yana chombo cha uchunguzi ndani yake. Tomb Raider I-III Remastered, iliyotoka tarehe 14 Februari 2024 ikikusanya michezo ya mwaka 1996, 1997 na 1998, humruhusu mchezaji kubadilisha picha mpya na za zamani kwa kitufe kimoja katikati ya mchezo. Legacy of Kain: Soul Reaver 1 & 2 Remastered, ya Desemba 2024, ina uwezo huohuo. Wengi hukitumia kitufe hicho kwa kujikumbusha enzi zile na kisha kukisahau, lakini thamani yake kubwa ni katika kutafuta chanzo cha hitilafu: ukikutana na tatizo, badilisha picha hapohapo ulipo. Tatizo likitoweka, chanzo ni kazi ya uboreshaji. Likibaki vilevile, chanzo ni mchezo wa asili au kifaa. Ipo tahadhari moja. Katika Tomb Raider picha za zamani huonyeshwa kwa fremu 30, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, kwa sekunde na zile mpya kwa fremu 60, kwa hiyo kubadilisha picha hubadilisha pia ulaini wa mwendo, na jambo hilo lizingatiwe unapochunguza matatizo ya kasi.

Chombo cha pili ni televisheni. Tatizo linaloonekana mkononi na kutoweka konsoli inapounganishwa na kioo kikubwa ni tatizo la kifaa kinapokuwa mkononi, kwa sababu Nintendo Switch, kwa mfano, hupunguza kasi ya kichakataji cha picha inapochezwa mkononi.

Mifano mingi hapa chini inahusu Nintendo Switch na Steam Deck, ambazo kwa pamoja zinawakilisha njia mbili kuu: konsoli iliyofungwa, ambayo mchezo umeandaliwa mahsusi kwa ajili yake, na kompyuta ndogo yenye umbo la konsoli, ambayo huendesha michezo iliyotengenezwa kwa mfumo wa Windows kupitia programu ya kutafsiri iitwayo Proton.

Mhusika huanguka ingawa kitufe cha kuruka kimebonyezwa kwa wakati

Hili ndilo lalamiko linalostahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu watu hulihukumu vibaya: husemwa kwamba kifaa kinachelewa, au kwamba toleo jipya limeharibiwa, wakati mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Dunia ya michezo ya kwanza ya Tomb Raider imejengwa kwa miraba iliyo sawa, na kila tendo la mhusika limepimwa kwa miraba hiyo. Kuruka kwa kusimama huvuka pengo la mraba mmoja. Kuruka kwa kukimbia huvuka miraba miwili. Na kuruka kwa kukimbia huku umeshikilia kitufe cha kudaka humfikisha mhusika kwenye ukingo ulio ng'ambo ya miraba mitatu. Mbio za kuanzia zinahitaji nafasi ya mraba mmoja, na ndiyo maana wachezaji wa zamani husogea hadi ukingoni, huruka hatua moja kinyumenyume, kisha hukimbia na kushikilia kitufe cha kuruka kabla ya kufika ukingoni. Mhusika hamtii mchezaji papo hapo. Humaliza hatua aliyokwisha kuianza, ndipo aruke. Anayesubiri hadi sekunde ya mwisho ili abonyeze, kama ilivyo desturi katika michezo ya siku hizi, huwa amekwisha kuchelewa.

Uongozaji wa zamani ulitengenezwa kwa ajili ya dunia ya namna hiyo: kulia na kushoto humgeuza mhusika pale aliposimama, na mbele maana yake ni mbele ya mhusika, si mbele ya kamera. Uongozaji wa kisasa uliongezwa katika toleo jipya, nao hufuata upande inakotazama kamera. Kamera ikizunguka kidogo wakati mhusika anakimbia, mwelekeo wa mruko nao hupinda, na katika ramani iliyopimwa kwa miraba kupinda kidogo kunatosha kumkosesha ukingo. Vijiti vya konsoli ya mkononi vina mwendo mfupi kuliko vya kidhibiti cha kawaida, hivyo kosa dogo la kidole gumba hugeuka kuwa kosa kubwa la mwelekeo.

Jaribio ni rahisi. Hifadhi mchezo kabla ya pengo linalokusumbua, badilisha uongozaji kutoka wa kisasa kwenda wa zamani, kisha rudia mruko uleule kwa kutumia vitufe vya mishale badala ya kijiti. Ukifaulu, umepata jibu, na hakuna haja ya kugusa mpangilio mwingine wowote. Kwa maoni yangu uongozaji wa kisasa unafaa kwa kuzurura na kutazama mazingira, lakini hatua zilizojaa mapengo na majukwaa huchezwa vizuri zaidi kwa uongozaji wa asili, na saa moja ya kuuzoea hulipa kuliko siku nzima ya kurekebisha unyeti wa vijiti. Kumbuka pia kitufe cha kutembea polepole: ukikishikilia, mhusika husimama ukingoni na hadondoki.

Hapa ndipo aina ya kifaa inapoingia. Joy-Con ya kushoto ya Switch, yaani kidhibiti kidogo kinachochomekwa ubavuni mwake, ina vitufe vinne vilivyoachana mahali pa vitufe vya mishale, na vidole huchoka haraka katika uongozaji wa aina hii. Switch Lite na Steam Deck zina kitufe kimoja cha msalaba, ambacho hufaa zaidi.

Iwapo mruko unafaulu mara nyingine na kushindwa mara nyingine kwa mbinu ileile, shuku kasi ya fremu. Katika michezo mingi ya zamani hesabu za mwendo zilifungwa kwenye fremu, na ndiyo sababu baadhi ya matoleo mapya, kama Okami HD, yaliachwa kwenye fremu 30 kwa sekunde badala ya kupandishwa. Anayeweka marekebisho ya mashabiki ili kuondoa kikomo hicho asishangae mhusika akianza kuruka kwa urefu usiotarajiwa. Kwenye Steam Deck kuna chanzo kingine: kikomo cha fremu kinachowekwa na mfumo wenyewe huongeza muda kati ya kubonyeza na tendo kuonekana, hasa kikomo kikiwa cha chini. Kizime, na kama mchezo una kikomo chake katika mipangilio ya picha, utumie hicho.

Picha hukatakata au mwendo si laini

Kwanza angalia kukatakata huko kunatokea lini, kwa sababu wakati wa dalili unasema mengi kuliko ukubwa wake.

Kukikatika mara ya kwanza tu unapoingia eneo jipya au adui mpya anapotokea, na kusirudi unapopita hapo mara ya pili, chanzo ni sheda, yaani programu ndogondogo za kuchora picha, ambazo kifaa kinaziandaa wakati huohuo unacheza. Kwenye Steam Deck mfumo unaweza kupakua sheda zilizoandaliwa tayari kabla ya mchezo kufunguliwa. Baadhi ya watu huzima upakuaji huo ili kuokoa nafasi na kifurushi cha intaneti, kisha hushangaa mchezo wa miaka ishirini kukatika kwenye kifaa chenye nguvu kuliko mashine ambayo mchezo huo ulitengenezewa. Uwashe katika mipangilio ya upakuaji, uache mchezo usasishwe, kisha ujaribu tena.

Kukikatika kila unapopita mlango au mpaka wa eneo, mahali ambapo data mpya inasomwa, shuku kadi ya kumbukumbu. Hamishia mchezo kwenye kumbukumbu ya ndani na urudie njia ileile. Kwa Switch, Nintendo inapendekeza kadi ya microSD ya aina ya UHS-I yenye kasi ya kusoma ya megabaiti 60 hadi 95 kwa sekunde. Kwa Switch 2, iliyotoka Juni 2025, michezo huhifadhiwa kwenye kadi za microSD Express pekee, kwa hiyo kadi iliyotolewa kwenye konsoli ya zamani haitafaa kwa kazi hiyo hata ikiwa nzima kabisa.

Aina ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi: kipimo kinaonyesha fremu hazishuki, lakini jicho linaona mwendo unasitasita. Hapa tatizo ni mgawanyo. Kioo cha Steam Deck ya mwanzo hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Mchezo wa fremu 30 hugawanyika vizuri, kwa sababu kila fremu huonyeshwa mara mbili. Mchezo uliowekewa fremu 40 haugawanyiki: fremu moja hukaa mara mbili, inayofuata mara moja, na jicho hulitambua jambo hilo hasa kamera inapozunguka polepole. Tiba ni kushusha kioo chenyewe kiwe mara 40 kwa sekunde, jambo ambalo kifaa hicho kinaliweza. Kwenye toleo lenye kioo cha OLED, ambacho hufika mara 90, fremu 40 huenda sawa na mara 80 na fremu 45 huenda sawa na mara 90. Fremu 40, kwa njia, ni bora kuliko zinavyodhaniwa. Katika fremu 30 kila picha hukaa milisekunde 33.3, katika 60 hukaa 16.7, na katika 40 hukaa 25, ambayo ni nusu ya njia kati ya hizo mbili kwa gharama ndogo ya betri.

Mwisho, ipo michezo ambayo haikatiki bali imewekwa hivyo. Metal Gear Solid 2 na 3 katika Master Collection Vol. 1 huenda kwa fremu 30 kwenye Switch ya kwanza, ingawa kwenye mashine nyingine huenda kwa 60, na hakuna mpangilio wa konsoli utakaobadilisha hilo.

Mahali pana giza na vitu vya kuokota havionekani

Badilisha picha kwenda za zamani. Vitu vikionekana, chanzo ni mwanga mpya. Katika michezo ya zamani vyumba viliangazwa bila kujali mwanga unatoka wapi. Wasanii wa uboreshaji huweka taa, madirisha na mienge kuwa vyanzo halisi vya mwanga, na kona isiyo na chanzo hubaki gizani. Kwenye televisheni ndani ya chumba chenye mapazia hilo huvutia. Kwenye kioo cha inchi 6 au 7 chini ya jua ni mateso, kwa sababu mng'ao wa nje hufuta tofauti ndogo kati ya weusi na kijivu.

Anza kwa kuzima urekebishaji wa mwanga wa kioo unaojiendesha wenyewe, ambao mara nyingi hupunguza mwanga wakati usiofaa, kisha ongeza mwanga wa kioo kwa mkono kabla ya kugusa kipimo cha mwanga kilicho ndani ya mchezo. Ukianza na kile cha ndani utapata picha iliyofifia, weusi wake umekuwa kijivu, na bado vitu havitajitokeza. Hakikisha pia kwamba mchezo una sasisho la mwisho, kwani masasisho ya michezo ya namna hii mara nyingi hugusa mwanga. Mahali palipobaki na shida, tumia picha za zamani kwa kutafuta na picha mpya kwa kusonga mbele. Mchezo umekupa kitufe hicho, na kukitumia si udanganyifu.

Video za hadithi hazionekani. Panatokea mistari ya rangi

Dalili hii ni ya Steam Deck na vifaa vinavyoendesha mfumo unaofanana na wake. Mchezo wenyewe unakwenda vizuri, lakini inapofika video ya hadithi panatokea mistari ya rangi ya kupimia televisheni, au weusi pamoja na sauti, au mchezo unaruka video hiyo kabisa.

Faili la video halijaharibika. Video nyingi zimefungwa kwa miundo ya Windows ambayo Proton haiwezi kuisambaza moja kwa moja kwa sababu za leseni. Valve, kampuni inayotengeneza Steam Deck, hutatua jambo hili kwa kuzigeuza video hizo kuwa muundo mwingine na kuzituma kwenye kifaa pamoja na sheda zilizoandaliwa. Kwa maneno mengine, aliyezima upakuaji wa sheda amezima pia video zake, na mistari ya rangi ni alama ya nafasi iliyo wazi. Washa upakuaji huo, zima kifaa na ukiwashe upya, subiri upakuaji ukamilike, kisha ufungue mchezo. Isiposaidia, chagua toleo jingine la Proton katika sifa za mchezo. Toleo linalotengenezwa na jamii ya watumiaji, Proton GE, limeongezewa uwezo wa kusoma miundo mingi ya video na mara nyingi humaliza tatizo.

Usifute folda ya Proton ya mchezo kwa haraka ukidhani unasafisha. Katika baadhi ya michezo humo ndimo yalimo mafaili ya maendeleo yako, na kama mchezo haunakili data mtandaoni, yatakwenda na folda.

Kingo nyeusi na maandishi madogo

Kingo nyeusi kwa kawaida si hitilafu. Mingi ya michezo hii ilitengenezwa kwa televisheni za uwiano wa 4:3. Sehemu inayochezwa kwa kawaida imepanuliwa hadi 16:9, lakini video zilizorekodiwa zamani haziwezi kupanuliwa bila kukatwa au kunyooshwa, na kwa hiyo kwenye kioo cha nukta 1280 kwa 720 video ya 4:3 huchukua nukta 960 na kuacha ukingo wa nukta 160 kila upande. Steam Deck ina kioo cha nukta 1280 kwa 800, kwa hiyo mchezo wa 16:9 huacha nukta 40 juu na 40 chini. Mfumo unaweza kunyoosha picha ijae kioo. Sishauri, kwa sababu duara huwa yai na nyuso hurefuka.

Maandishi madogo ni jambo zito zaidi, na si michezo yote ina mpangilio wa kuyakuza. Kwenye Switch, washa ukuzaji katika mipangilio ya mfumo, kisha bonyeza kitufe cha nyumbani mara mbili. Kwenye Steam Deck, shikilia kitufe cha Steam na ubonyeze L1.

Mhusika anatembea mwenyewe au kamera inazunguka yenyewe

Hapa tabaka la kifaa ndilo mshukiwa wa kwanza. Vijiti vya Switch na vya Steam Deck ya mwanzo hupima mwendo kwa vipande vinavyosuguana, na msuguano huo hula na huzalisha vumbi. Fungua ukurasa wa kusawazisha vijiti katika mipangilio ya konsoli, achia kijiti, utazame alama inakaa wapi. Ikitulia katikati, kijiti ni kizima na tatizo limo ndani ya mchezo. Ikisogea pembeni, sawazisha upya. Kwenye Steam Deck unaweza pia kupanua eneo la katikati ambalo mfumo hulipuuza. Panua kidogo kidogo, kwa sababu eneo likiwa kubwa mno mhusika hatatembea polepole tena, atasimama au atakimbia.

Inafaa kujua kwamba mchezo wa zamani unaweza kuficha ugonjwa wa kijiti au kuukuza. Ule uliotengenezwa kwa vitufe vya mishale hutambua hali mbili tu, kubonyezwa na kutobonyezwa, kwa hiyo msogeo mdogo hauonekani hadi unapovuka kizingiti, ndipo mhusika huondoka mbio bila onyo. Kwa hiyo usiseme kijiti ni kizima kwa sababu mchezo mmoja hauonyeshi dalili. Ukisawazisha na tatizo likarudi upesi, kijiti kinahitaji kubadilishwa. Vipo vya kubadilishia vinavyopima mwendo kwa sumaku, ambavyo havina msuguano huo.

Vitufe vinavyotajwa mchezoni si vilivyo mkononi

Katika vifaa vya Nintendo kitufe A kiko kulia na B kiko chini. Kwenye Steam Deck, A iko chini na B iko kulia. Anayecheza kwenye vyote viwili huthibitisha pale alipotaka kughairi. Badilisha mpangilio wa vitufe katika mfumo, si ndani ya mchezo, ili michezo yote ifuate desturi moja ya vidole vyako.

Yapo pia matendo ambayo hayana kitufe kinachofanana nayo leo. Vitufe vya PlayStation 2 vilitambua nguvu ya kidole, na michezo kama Metal Gear Solid 2 na 3 ilitumia sifa hiyo kutofautisha kubonyeza kwa upole na kwa nguvu. Vitufe vya konsoli za mkononi za leo havina uwezo huo, kwa hiyo toleo jipya hutumia mchanganyiko wa vitufe. Usipousoma ukurasa wa vidhibiti, utapiga risasi wakati ulitaka kushusha silaha. Metroid Prime Remastered ya mwaka 2023 ilichukua njia ya ukarimu zaidi: uongozaji wa asili wa mwaka 2002 umehifadhiwa, lakini pamoja nao upo wa vijiti viwili, wa kuelekeza kwa mkono na wa mchanganyiko. Kama unahangaika kulenga shabaha, tatizo huenda likawa ni aina ya uongozaji uliyochagua mwanzoni.

The Legend of Zelda: Skyward Sword HD ya mwaka 2021 ni kisa cha pekee, kwa kuwa mchezo wa asili wa 2011 ulitegemea kuzungusha mkono. Konsoli ikiwa mkononi, upanga huongozwa na kijiti cha kulia, na kamera huzungushwa na kijiti hichohicho ukiwa umeshikilia L. Mlalamikaji anayesema kamera imekufa mara nyingi hajashikilia L. Katika Okami HD, mchoro wa brashi usipotambuliwa unapotumia kijiti, chora kwa kidole kwenye kioo. Kwenye Switch iliyo mkononi njia hiyo inakubaliwa na ni sahihi zaidi.

Sauti inachelewa

Karibu kila mara ni Bluetooth. Chomeka hedifoni za waya. Sauti ikienda sawa na midomo, uchunguzi umekwisha. Switch ilipata uwezo wa sauti ya Bluetooth kwa sasisho la Septemba 2021, na unapoitumia idadi ya vidhibiti visivyo na waya hushuka hadi viwili. Katika mafumbo yanayotegemea mlio au mdundo, waya ndio tiba.

Kifaa kinapata joto na betri inaisha mapema

Mchezo wa mwaka 1999 haupaswi kukausha betri kama mchezo mpya. Ukifanya hivyo kwenye Steam Deck, kwa kawaida hauna kikomo cha fremu, na kichakataji kinachora picha nyingi ambazo kioo hakiwezi kuzionyesha. Weka kikomo, kile cha ndani ya mchezo kama kipo, kisha punguza kipimo cha wati katika menyu ya haraka, ambacho huanzia 3 hadi 15. Shusha wati moja baada ya nyingine hadi mwendo uanze kuyumba, kisha pandisha moja. Mpangilio huo unaweza kuhifadhiwa kwa mchezo mmoja mmoja, na hufaa ufanye hivyo ili usije ukaubana mchezo mwingine mzito bila kukusudia.

Kwenye Switch hakuna kipimo cha namna hiyo. Kilichopo ni kupunguza mwanga wa kioo, kuwasha hali ya ndegeni pale intaneti haihitajiki, na kutoziba matundu ya hewa ya juu.

Maendeleo yamepotea

Kuilaza konsoli si kuhifadhi mchezo. Usingizi huweka mchezo kwenye kumbukumbu ya muda, na betri ikiisha kabisa, au mchezo ukijifunga, kila kilichofanywa tangu hifadhi ya mwisho hupotea. Wachezaji waliozoea michezo ya leo inayojihifadhi yenyewe huumizwa sana na hili, kwa sababu michezo mingi ya miaka ya tisini humwachia mchezaji jukumu hilo. Hifadhi kwa mkono katika nafasi mbili au tatu tofauti, usirudie moja tu. Ukihifadhi mahali usipoweza kujinasua, nafasi ya nyuma ndiyo itakayokuokoa.

Kwenye Steam Deck ipo dalili nyingine: umecheza safarini, umefungua mchezo kwenye kompyuta nyumbani, na hatua zako hazipo. Michezo mingi hunakili data mtandaoni inapofungwa, si inapolazwa, kwa hiyo kifaa kilicholala mfukoni bado kimeshikilia maendeleo yako. Kiamshe, kiunganishe na intaneti, funga mchezo kabisa, subiri unakili ukamilike. Mfumo ukikuuliza uchague kati ya nakala mbili, soma tarehe na saa kabla ya kubonyeza, maana nakala utakayoikataa hufutwa.

Kwenye Switch, data ya maendeleo hukaa kwenye kumbukumbu ya ndani ya konsoli, si kwenye kadi ya microSD. Kuhamisha kadi kwenda konsoli nyingine hakuhamishi maendeleo, na kadi ikiharibika maendeleo hayaharibiki.

Mchezo haufunguki, au unajifunga

Fuata utaratibu kuanzia hatua nyepesi hadi nzito. Zima konsoli kabisa na uiwashe, kwa sababu kulala kwa siku nyingi huacha mabaki. Sasisha mfumo na mchezo. Kagua uzima wa mafaili: kwenye Switch fungua menyu ya mchezo na uchague ukaguzi wa data iliyoharibika, kwenye Steam Deck fungua sifa za mchezo na uthibitishe mafaili yaliyosakinishwa. Ukiona mchezo umeganda kwenye dirisha dogo la kuanzishia lililotengenezwa kwa kipanya, gusa kioo, au shikilia kitufe cha Steam na X ili kibodi itokee. Mchezo ulioganda kabisa hufungwa kwa kushikilia kitufe cha Steam na B kwa sekunde kadhaa.

Hayo yakishindikana, kwenye Steam Deck jaribu toleo jingine la Proton, la zamani au jipya, na uondoe marekebisho yote ya mashabiki kabla ya kulaumu mchezo. Kufuta na kupakua upya kuje mwisho. Kwenye Switch kufuta programu peke yake hakugusi data ya maendeleo, mradi usichague pia kufuta data hiyo katika ukurasa wake. Kwenye Steam Deck, hakikisha kwanza kwamba ukurasa wa mchezo unaonyesha data yako imekwisha kunakiliwa mtandaoni. Kama mchezo hauna huduma hiyo, ingia katika hali ya kompyuta, nakili folda ya maendeleo kwenye kadi nyingine, ndipo ufute.